Nyasi Juu ya Mabati

Ukiingia Bugwema kwa njia itokayo Musoma, nyumba ya kwanza mkono wa kulia baada ya kona ilikuwa ya Marcelina, mama yake Masatu. Kukaa karibu na barabara kuna raha yake na kuna adha yake. Raha ni kwamba habari zinakufikia zikiwa bado za moto. Adha ni kwamba mgeni akitaka kuonyeshwa kijiji bila kuchafua viatu, ataonyeshwa wewe.

Ndivyo Marcelina alivyoingia kwenye kazi ambayo hakuiomba wala hakulipwa: kazi ya kuwa maskini wa kuonyeshwa.

Ilianza miaka ile ya shida, vita ya Uganda ilipokwisha na maduka yakabaki na rafu na muuzaji, basi. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Chai ilinywewa kwa chumvi. Wanawake wawili waligawana doti moja ya khanga, huyu akivaa kwenda kanisani, mwenziwe anasubiri misa ya pili. Florian, mume wa Marcelina, alikuwa amefariki kwa homa, akamwachia mtoto mmoja, shamba la mihogo na pamba, na nyumba ya udongo yenye paa la migongo minne, limeezekwa nyasi. Paa lenyewe lilikuwa limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Ilipendeza kuitazama nyumba ile, hasa kwa mtu asiyelala ndani yake.

Katibu kata wakati huo alikuwa Burito. Alikuwa mtu wa kaunda suti ya kijivu, mifuko minne, na kila mfuko una kalamu. Akisimama mkutanoni akalitamka neno "wanyonge," sauti ilimtetemeka mpaka akina mama wakatamani kumpa kiti apumzike.

Siku moja akaja na wageni wa mkoani, mpiga picha, na katoni ya sabuni.

"Ndugu Marcelina," akasema Burito kwa sauti ya mkutano, ingawa walikuwa wamesimama pua kwa pua, "pokea sabuni hii kwa niaba ya wanyonge wote wa kata hii."

Marcelina akapokea. Akainamisha uso kwenye katoni akavuta harufu, akafumba macho. Picha ikapigwa. Wageni wakaingia garini. Burito akabaki nyuma kidogo, akaichukua katoni mikononi mwa Marcelina taratibu kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akatoa mche mmoja, akaukata kwa kisu cha mfukoni, akampa kipande.

"Hizi nyingine ni za wanyonge wenzako, Mama Masatu."

"Wako wapi hao, Katibu?"

"Wametapakaa."

Inaonekana walitapakaa kwake nyumbani, kwa sababu mwaka huo mashuka ya Hyasinta, mke wa Burito, ndiyo yaliyong'aa kuliko yote kata nzima. Na mwaka huohuo Burito ndiye aliyeongoza msako wa walanguzi, akipita nyumba kwa nyumba, akiinua vitanda vya watu kutafuta kilo ya sukari.

Dafroza, jirani na rafiki wa Marcelina, aliyaona yote akiwa nyuma ya uzio wa minyaa. Alikuja kesho yake asubuhi.

"Ile sabuni ilikujaga kupigwa picha tu," akasema. "Kama sisi tulivyokuwaga tunaenda studio Musoma mjini. Unavaa koti la mwenye studio, unapigwa, unavua, unamwachia mwingine."

Marcelina alicheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye Marcelina. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda, na kikifika kooni kilikuwa kimeshawakokota wengine. Si kwamba hakuona uonevu. Aliuona vizuri sana. Ila alikuwa na mihogo ya kumenya, na aligundua mapema kwamba mihogo inamenyeka vizuri zaidi mtu akiwa anacheka.

Basi wageni wakawa wanaletwa. Walikuja wa mkoa, wa wizara, wa magazeti. Kila mmoja alisimama mbele ya lile paa, akatikisa kichwa, akaandika kitu, akaondoka. Marcelina akazoea. Dafroza akawa anamtania: "Mwenzangu, leo una zamu ya umaskini au umepumzika?"

Kisha zikaja zama za ruksa. Maduka yakajaa. Mitumba ikamwagwa chini sokoni Musoma ikawa vilima, watu wakachagua mashati ya Ulaya wakiwa wamepiga magoti. Mabati, ambayo zamani ulihitaji kibali na mjomba ofisini, sasa yaliegeshwa nje ya maduka yanakuita kwa mng'ao. Vyama vikawa vingi. Burito naye akaiweka kaunda suti sandukuni, akaacha ukatibu, akaanzisha shirika. Aliliita Sauti ya Mvuja Jasho. Ofisi yake ilikuwa Nyakato, Musoma mjini, nyumbani kwake hasa, nyuma ya geti kubwa la bluu ambalo jua likilipiga ulilazimika kugeuza uso.

Watu waliendelea kumwita Katibu. Alikuwa amebadilika mavazi tu. Siku hizi alivaa shati la kitenge, na kwenye gari lake, chini ya kiti, aliweka katambuga, vile viatu vya matairi. Akifika kwenye kona ya Bugwema, dereva alisimamisha gari. Burito alivua viatu vya ngozi na soksi, akavaa katambuga, ndipo safari ikaendelea. Wanawake wa Bugwema walikuwa wakipumzika chini ya mkuyu uliokuwa kwenye kona ileile wakitoka kuchota maji ziwani, kwa hiyo waliliona jambo hilo mara nyingi, na wakawa na wimbo wake mdogo ambao hauandikiki.

Maji. Hapo ndipo Sauti ya Mvuja Jasho ilipoishika Bugwema. Kwenda ziwani na kurudi kulimaliza asubuhi nzima, na Burito alikuwa ameahidi kisima. Kila alipokuja alisema kisima kiko njiani. Siku moja Marcelina alipeleka dagaa sokoni Musoma, akaona apitie Nyakato kuuliza kisima kimefika wapi. Burito akampokea vizuri, akamkalisha uani, akampigia bomba la mkono lililokuwa pale ndani ya geti, akampa maji kwenye kikombe cha bati.

"Matamu," akasema Marcelina. "Yamekolea kama ya chemchemi."

"Na yenu yatakuwa hivihivi, Mama Masatu. Hayahaya."

Marcelina akarudi akawasimulia wenzake utamu wa maji ya Katibu, wakayameza kwa masikio.

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa na jambo lake. Kwa dagaa, kwa pamba, kwa upatu wa wanawake, na kwa msaada wa Masatu aliyekuwa fundi wa baiskeli Bunda mjini, alikuwa akinunua mabati, moja moja, anayaficha chini ya kitanda. Florian alimwahidi mabati tangu siku alipomwoa. Marcelina alisema ahadi ya marehemu haiwezi kuachwa inaning'inia. Mwaka wa tisini na tatu, kabla ya mvua za vuli, nyasi zikashushwa, mabati yakapanda.

Dafroza akasimama barabarani, mkono juu ya macho. "Ee mwenzangu! Sasa ndege zitatua hapa."

Lakini haraka ya Marcelina haikuwa mvua peke yake. Masatu alikuwa amempata binti huko Bunda, Nyangi, mzaliwa wa Butiama, mtulivu, mcheshi, mwenye mwanya. Wazee walishakutana, maneno yalikuwa mazuri. Kilichobaki ni akina shangazi. Desturi ya kwao Nyangi ilikuwa kwamba kabla wazee hawajasema ndiyo ya mwisho, shangazi wa binti huja kuona nyumba ambayo mtoto wao atapikia. Na hawasemi siku. Wangesema siku, ungefagia. Wanaibuka tu, wanatazama paa, ghala, jiko na mtungi, wanakula, wanarudi, na neno lao halina rufaa.

Mkubwa wa mashangazi hao aliitwa Nyamburi. Sifa zake zilishavuka mpaka Bugwema. Ilisemekana aliwahi kumkataa kijana mwalimu, mwenye mshahara, kwa sababu ukumbi wa mama yake ulikuwa unavuja.

"Mama," Masatu alimwambia mara ya mwisho alipokuja, na sauti yake haikuwa na mzaha, "huyu nikimkosa, mimi sioi tena."

"Humkosi," akasema Marcelina, akaonyesha juu. "Waje watazame."

Wiki ileile Burito akaja. Safari hii alishuka kwenye gari na viatu vyake vya ngozi, alisahau kuvibadilisha. Akasimama mbele ya nyumba, mikono kichwani.

"Mama Masatu! Umefanya nini?"

"Nimeezeka, Katibu. Karibu ndani, hakuvuji."

"Umetuharibia mradi!"

Akaeleza huku akitembea huku na huku. Wafadhili wanakuja, Wazungu wawili. Picha ya nyumba ya Marcelina, ile ya nyasi, iko ukutani ofisini kwao Ulaya, na wamesema wanataka kuiona nyumba hiyo kwa macho yao. Wakikuta mabati, watasema Bugwema kumeshaendelea, watageuza gari, watapeleka misaada kwingine.

"Si watafurahi?" akauliza Marcelina. "Kama ni watu wa kuwatakia maskini mema?"

Burito akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali na mbuzi. "Mama, hao hufurahi taratibu. Kwanza wahuzunike. Nisikilize. Naleta vijana na nyasi, tunafunika juu ya mabati kwa nusu siku tu. Wakiondoka, tunafunua."

"Sitaki. Nasubiri wakwe."

"Wakwe wanakuja lini?"

"Hawasemagi."

"Basi ndiyo uzuri! Nusu siku tu itakosaje kupita?" Kisha akaishusha sauti, ile ya kutetemeka. "Na kisima, Mama Masatu? Ukikataa, utawaambia nini hawa wenzako wanaopanda na ndoo kila siku?"

Hapo alikuwa amemshika pabaya. Marcelina aliitazama barabara. Dafroza alikuwa anapanda kutoka ziwani, ndoo kichwani, shingo imekaza, na Dafroza goti lake lilikuwa bovu tangu masika.

"Nusu siku," akasema Marcelina. "Jua likipinda tu, nyasi chini."

Siku ilipofika, vijana wa Burito walitoka mjini na mizigo ya nyasi kwenye lori. Walifunga haraka haraka, migongo yote minne, mabati yakapotea. Dafroza aliyekuja kutazama akawa wa kwanza kuona kasoro.

"Katibu, mbona hamkuweka kishungi?"

Kishungi ni ule mti mfupi unaochomoza juu kabisa ya paa la nyasi, umefungwa nyasi kama shada. Kwa watu wa kule, mwenye nyumba akifa, kishungi hushushwa. Nyumba inabaki kichwa wazi mpaka msiba uishe, na kila apitaye barabarani anajua pana msiba.

Burito aliyajua hayo tangu utoto. Lakini alikuwa anatazama saa. "Wazungu hawajui vishungi," akasema. "Haya, kaeni chini."

Akaanza kuwapanga. Kuku wakafungiwa kwa jirani. Redio ikafichwa kwenye ghala. Ng'ombe mwenye ndama akapelekwa bondeni. Marcelina akavalishwa khanga yake ya kudekia, akajitanda mpaka kwenye paji la uso. Majirani wakakalishwa chini kwenye vumbi, kimya, wanawake mikono mashavuni.

"Mkiulizwa mnakula mara ngapi, semeni mara moja. Mama Masatu, ukiulizwa ndoto yako, sema mabati. Kisima niachie mimi. Na wewe Dafroza, nakuomba, usicheke."

"Sicheki, Katibu," akasema Dafroza, akauma upindo wa khanga.

Wageni wakafika. Mmoja alikuwa mwanamume kijana mwenye kamera. Mwingine mama mtu mzima, mrefu, nywele nyeupe, viatu vya kazi. Walisalimiana na Burito kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza Burito akawaongoza. Marcelina hakuelewa maneno, ila mkono wa Burito ulivyokwenda aliujua: unaanzia kwenye paa, unashuka kwake, unaishia kifuani kwa Burito mwenyewe. Kisha akatoa leso. Yule mama mrefu alimtazama Marcelina kwa macho mema, akamwinamia kidogo. Marcelina akaona aibu. Alitamani kumwambia, mama, kaa kwenye kiti, kiti ninacho, kimefichwa tu.

Na hapo hapo, kwenye kona ya barabara, wakatokea wanawake watatu wanene, wamevaa vitenge vipya, vikapu kichwani. Walikuwa wametoka Butiama alfajiri, wakabadilisha gari, wakatembea. Mbele yao Nyamburi.

Walichokiona ni hiki. Nyumba waliyoelekezwa, ya kwanza mkono wa kulia. Nyumba haina kishungi. Watu wamekaa chini kimya, wanawake wameshika mashavu. Gari la wageni. Mtu anajifuta machozi kwa leso.

Kwenye msiba huingii kimyakimya kama mwizi wa kuku. Unaanza kulia ungali mbali, wafiwa wakusikie. Nyamburi akatua kikapu, akaweka mikono kichwani, akaiachia sauti ambayo Mungu alimpa kwa kazi hiyo hiyo.

"Uuuwiii! Mkwe wetu! Mkwe wetu tusiyekuona! Umetuacha hata chai hatujanywa!"

Wenzake wakaitikia. Wakaja barabarani mbio za msiba, wakijirusha huku na huku, vitenge vinafunguka. Waliokuwa mashambani wakasikia kilio, wakatupa majembe, wakaja mbio nao wanalia, hawajui wanamlilia nani, maana hayo huulizwa baadaye. Mwanamke mmoja aliyekaa vumbini pale kwa amri ya Burito akaona wenzake wanalia, machozi yakamtoka mwenyewe. Dafroza alikuwa ameziba uso kwa khanga, mabega yanatikisika, na hakuna aliyeweza kujua.

Kijana wa kamera alipiga picha mpaka akapiga magoti.

Yule mama mrefu akamgeukia Burito, amebadilika rangi, akauliza kitu. Burito alikuwa amesimama mdomo wazi. Lakini mtu wa maneno ni mtu wa maneno. Akaukunjua mkono kuelekea kwa waombolezaji, akasema jambo refu kwa Kiingereza, kwa masikitiko, mpaka sauti ikamkatika.

Mama mrefu hakungoja amalize. Alimwendea Nyamburi, aliyekuwa ameshajitupa chini, akapiga magoti vumbini, akamshika mabega. Nyamburi akafumbua jicho moja. Akaona ni Mzungu. Msibani hakuna ubaguzi, akamuuliza kwa kilio:

"Mwenzangu, nani aliyekufa?"

Na yule mama akamjibu. Kwa Kiswahili. Kiswahili cha pole pole, cha mtu aliyewahi kuuguza watu bara hili zamani, akaondoka, lakini lugha ikakataa kuondoka.

"Sijui, dada. Mimi nimeambiwa unalia kwa sababu ya njaa."

Kilio cha Nyamburi kikakatika kama redio iliyokwisha betri.

"Nani?"

"Wewe. Nimeambiwa mnazunguka vijijini mnalia, kwa sababu hamjala tangu juzi."

Nyamburi akaketi wima. Akajitazama, mikono minene, kifua, kitenge kipya. Akawatazama dada zake. "Njaa? Mimi Nyamburi? Tumekula muhogo na sangara asubuhi tukabakiza!"

Hapo ndipo Dafroza aliposhindwa. Kicheko kilimtoka kama maji ya mtungi uliopasuka, na kikamwambukiza aliyekaa pembeni yake, na wa pembeni yake. Nyamburi akageuka kutafuta ni nani anacheka msibani, macho yakamwangukia Marcelina, akaona sura ileile ya Masatu.

"Si wewe ndiye Mama Masatu? Mbona uko hai? Basi amekufa nani? Masatu?"

Marcelina akafungua mdomo. Burito alishafika kando yake, jasho linamtiririka, kwa mara ya kwanza jina la shirika lake likamfaa.

"Mama Masatu," akanong'ona, "sema ni shemeji yako. Sema shemeji kafa jana. Kisima, Mama Masatu! Kumbuka kisima!"

Marcelina akamtazama. Akamtazama Dafroza na lile goti lake. Akamtazama Nyamburi, ambaye macho yake yalishapanda kwenye paa, yanapima nyasi zilizofungwa ovyo, na midomo imeanza kukunjana ile mikunjo iliyomkataa mwalimu. Akamwona Masatu akisema, mimi sioi tena.

Alikwenda pembeni ya nyumba, akachukua upondo wa mtumbwi alioutumia kuanikia nguo, akaupitisha chini ya nyasi, akainua. Fungu zima likaporomoka, vumbi likatimka, na jua la adhuhuri likagonga bati. Watu waliziba macho. Akaenda mgongo wa pili, akaangusha. Khanga ya kudekia ikamvuka kichwani, hakuiokota.

"Hakuna aliyekufa," akasema, anahema. "Wakwe zangu, mnisamehe. Hii ndiyo nyumba yangu. Ilikuwa imevishwa nguo ya kuazima."

Kisha yule mama mrefu akauliza taratibu, "Na hiki kisima ambacho ndugu Burito anakisema, ni kipi?"

"Kisima alichotuahidi," akasema Dafroza, anajifuta machozi ya kicheko. "Mkitoa msaada, anatuchimbia."

"Lakini tulishatoa. Kimeshachimbwa, mwaka jana. Tuna picha yake ofisini. Bomba la mkono, na akina mama wanateka maji."

Watu wakatazamana. Mmoja akageuka kabisa kutazama nyuma yake, kama kisima kinaweza kuwa kimejificha.

"Hiyo picha imepigwa wapi?" akauliza Marcelina.

"Hapa Bugwema. Ndivyo tulivyoandikiwa. Nakumbuka sana kwa sababu nyuma ya bomba kuna geti kubwa. La bluu."

Marcelina akasimama na upondo wake. Ulimi wake ukakumbuka kabla yake, ule utamu, kikombe cha bati, uani Nyakato. Kicheko kikaanza tumboni. Kikapanda.

"Jamani!" akasema. "Mimi nimeshayanywa maji ya kisima chetu! Alinikaribisha mwenyewe!"

Mtu akicheka hivyo hata aliyeibiwa hucheka naye. Bugwema nzima ilicheka, mama mrefu akaziba mdomo naye akashindwa, kijana wa kamera akawa anauliza kwa Kiingereza nini, nini. Aliyebaki bila kicheko ni Burito, na Nyamburi.

Nyamburi alinyanyuka, akajikung'uta vumbi, akafunga kitenge vizuri. Akaizunguka nyumba yote. Akagonga bati kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaingia ndani, akakaa humo muda, akatoka. Akaamuru kuku warudishwe, akawatazama. Akaamuru ng'ombe aletwe, akamtazama. Kisha akasimama mbele ya Burito.

"Wewe baba. Sisi tumelia."

"Bahati mbaya tu, mama yangu, bahati mbaya..."

"Kwetu machozi ya msiba hayamwagwi mahali ambapo mtu hakufa. Ni kumwita mfu. Tukirudi nayo Butiama tutampelekea nani? Aliyesababisha anayafuta kwa mbuzi."

Wazee wa Bugwema waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa, hata kwao ni hivyohivyo. Burito akatazama gari lake. Dereva alikuwa anakagua tairi lisilo na shida yoyote. Mbuzi akanunuliwa palepale kwa jirani, beberu mweusi mwenye dharau, akafungwa kwenye nguzo ya uzio, na wakati watu wanatafuta kisu yeye akajishughulisha na zile nyasi zilizoanguka, anazitafuna bila haraka.

Walikula chini ya mabati siku ile, wakwe na wageni na majirani, kwenye viti vilivyofichuliwa. Yule mama mrefu alikaa katikati ya Nyamburi na Dafroza, wakamfundisha kulia msiba, naye akajaribu, wakamwambia bado hajaiva. Burito aliondoka mapema, na watoto walisema kwenye kona hakusimama kubadilisha viatu. Inasemekana pia kwamba jioni hiyo huko Bunda mteja alimkuta Masatu ameinamia tairi, akampa pole ya kufariki kwake mwenyewe, na Masatu akashindwa kujua aitikie vipi.

Wakati wa kuaga, Nyamburi alimshika Marcelina mkono. "Tulikuja kutazama paa," akasema. "Kuvuja haivuji. Ila nimependa zaidi mwenye nyumba. Mtoto wetu hatanyamaza kwenye nyumba hii, atacheka. Waambie wazee wenu waje."

Nyangi akaolewa Januari. Kisima nacho kilikuja, ingawa si kwa haraka. Yule mama aliandikiana moja kwa moja na kikundi cha wanawake cha upatu, mweka hazina Dafroza. Shimo la kwanza lilitoa maji ya chumvi, watu wakanung'unika, wakahamia chini ya mkuyu wa kwenye kona, hapo yakatoka mazuri. Si matamu kama ya Nyakato, Marcelina husema, lakini hayana geti.

Uchaguzi wa vyama vingi ulipofika, Burito akagombea. Bango lake liliandikwa mtetezi wa wanyonge. Alipita Bugwema amevaa katambuga, akasimama mbele ya nyumba ya Marcelina kama mtu asiye na deni na mtu, akasalimia kwa ile sauti.

"Mama Masatu! Mpiga picha wa kampeni yuko hapa. Tupige picha moja ya kumbukumbu. Zile nyasi zangu bado unazo?"

Marcelina alikuwa anamenya mihogo, mjukuu mgongoni. Akamkaribisha kiti, kwa sababu mgeni ni mgeni.

"Nyasi zako alizila yule mbuzi, Katibu," akasema. "Na mbuzi tulimla sisi."